Warsha za Midia Mpya, Sayansi na Sanaa za Maonyesho Dar es Salaam: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wacheza ngoma, waigizaji, wanamuziki, mafundi wa sauti na taa, walimu wa sayansi na waandishi wa programu wanaotaka kuhudhuria au kuandaa warsha ya pamoja. Vipimo vimezingatia mazingira ya Dar: joto, hewa ya chumvi, umeme wa volti 230, na kumbi ambazo nyingi hazina kuta pande zote.

Warsha ya aina hii inafanya nini hasa?

Inawakutanisha watu wa jukwaani na watu wa maabara ili watengeneze kipande kimoja kinachochezeka, cha dakika 5 hadi 10. Mpigo wa ngoma unaweza kubadilisha mwanga, hatua ya mchezaji ikazaa sauti, au picha ikaangushwa juu ya kitambaa kinachotembea na mwigizaji. Ushirikiano huu una historia. Oktoba 1966, mjini New York, wasanii 10 walifanya kazi na wahandisi wapatao 30 wa Bell Labs, maabara ya utafiti wa mawasiliano ya Marekani, katika maonyesho ya usiku tisa, na tangu hapo warsha za namna hiyo zimesambaa duniani.

Kipimo chetu cha warsha nzuri ni kimoja: kikundi kiweze kukirudia kipande chao wiki tatu baadaye, wakufunzi wakiwa hawapo. Onyesho la siku ya mwisho linaweza kupigiwa makofi na bado likawa limebebwa na mkufunzi mmoja aliyekaa nyuma ya kompyuta.

Je, lazima nijue kompyuta?

Hapana. Lazima ujue kitu kimoja vizuri, kiwe kucheza, kupiga, kuigiza, kulehemu, kufundisha fizikia au kuandika programu.

Msanii wa ngoma ana nini cha kumfundisha mwanasayansi?

Mengi, na hapa ndipo warsha nyingi zinapoharibika mapema, msanii akifanywa mtu wa kujaribiwa vifaa. Chukua ngoma ya ngozi. Masika, kati ya Machi na Mei, ngozi hunyonya unyevu, hulegea, na sauti hushuka. Mpigaji huisogeza ngoma kwenye moto au juani mpaka ngozi ikaze, akiigonga na kuisikiliza. Anachokifanya ni kurekebisha mvutano wa utando: mvutano ukipanda, mtetemo unaongezeka kasi na sauti inapanda. Akibandika nta katikati ya ngozi, anaongeza uzito, mtetemo unapungua kasi na sauti inazama. Mwalimu wa fizikia anaweza kupima masafa, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde, kwa maiki na programu ya simu, lakini mahali sahihi pa kubandika nta na kiasi chake anavijua mpigaji.

Kwa hiyo asubuhi ya kwanza wakae na ngoma, maiki na karatasi tu. Ipigwe ikiwa baridi, ipashwe moto, ipigwe tena, masafa yaandikwe kila baada ya dakika tano. Jedwali hilo litahitajika baadaye, kwa sababu kihisi (kifaa kinachohisi mtetemo au mwendo) kilichopimwa kwenye ngoma iliyolegea hukosea ngoma ikikaza.

Siku ngapi zinatosha, na watu wangapi?

Siku tano ni chache lakini zinawezekana. Kumi ni bora. Watu 12 hadi 15, wakufunzi wawili au watatu. Wagawanyike watatu watatu: mmoja wa jukwaani, mmoja wa ufundi, mmoja wa sayansi. Wakizidi wanne, mmoja huanza kuchezea simu.

Kwa siku tano: ya kwanza ni ya mwili na kusikiliza, ya pili vihisi, ya tatu sauti na picha, ya nne mazoezi, ya tano onyesho. Saa 6 mchana ya siku ya nne programu zifungwe. Kuanzia hapo hakuna anayegusa msimbo isipokuwa kuondoa kosa linalozuia kazi. Maonyesho mengi huanguka kwa sababu mtu aliongeza kitu kizuri nusu saa kabla ya watu kuingia.

Kila kikundi kiwe na vifaa gani?

Bodi mbili za ESP32, yaani kompyuta ndogo zenye Wi-Fi (moja ya akiba), vihisi vinne vya piezo, vinavyogeuza mtetemo kuwa umeme, vya kipenyo cha milimita 27 au 35 vyenye nyaya tayari, kihisi kimoja cha mwendo MPU6050, resista nne za megaomu 1, dayodi nne za Zener za volti 3.3, ubao wa kuunganishia, nyaya za jampa, na kebo mbili za USB. Kebo ziwe za data. Nyingi zinazouzwa na chaja za simu hupitisha umeme tu. Bodi inawaka taa, kompyuta haioni kitu, na kikundi kinapoteza asubuhi nzima kikilaumu programu. Kila kebo ijaribiwe na kuwekewa tepu ya rangi kabla ya siku ya kwanza.

Nyaya, resista, risasi ya kulehemea na tepu ya pande mbili tafuta Kariakoo kwenye maduka ya vipuri vya elektroniki. Bodi na vihisi viagizwe mapema, na ununue theluthi moja zaidi ya unavyohitaji.

Programu zote pamoja na draiva za CH340 na CP2102, zinazoiwezesha kompyuta kuitambua bodi, ziwekwe kwenye flashi tatu au nne. Watu 15 wakianza kupakua kwa pamoja, intaneti ya ukumbi itakwama.

Kihisi cha ngoma kinaunganishwaje?

1. Waya mwekundu wa piezo uende pini 34 ya ESP32, mweusi uende GND (ardhi).
2. Resista ya megaomu 1 iwekwe sambamba na piezo, kati ya waya hizo mbili. Isipokuwepo, chaji hukaa na usomaji huelea.
3. Dayodi ya Zener nayo iwe sambamba, upande wenye mstari ukielekea pini 34. Pigo zito kwenye piezo hutoa volti nyingi, na pini za ESP32 hazistahimili zaidi ya volti 3.3.
4. Bandika piezo kwenye mti wa ngoma karibu na ukingo, kwa tepu ya povu ya pande mbili. Ukiibandika juu ya ngozi itabanduka ngozi inapopashwa moto, na itabadilisha sauti ya ngoma yenyewe.
5. Funga waya kwenye mwili wa ngoma sentimita 5 kutoka kwenye piezo, ili ukivutwa using'oe kiungo.

Tumia pini 32 hadi 39 pekee kwa usomaji wa analogi. Pini nyingine za analogi ziko kwenye kipimio cha pili, ADC2, na hicho hakifanyi kazi Wi-Fi ikiwa imewashwa. Kosa hili huwachosha hata mafundi wazoefu, kwa sababu kila kitu hufanya kazi mezani, kisha hufa pale Wi-Fi inapoanza.

Ukilazimika kulehemu piezo mwenyewe, ncha ya moto isikae zaidi ya sekunde mbili.

Kwa nini pigo moja linasomwa mara mbili au tatu?

Kwa sababu mti unaendelea kutetemeka baada ya mkono kuondoka. Dawa yake ni kizingiti na kimya.

Kizingiti kipatikane hivi: usiiguse ngoma yako, mwache jirani apige ya kwake kwa nguvu, uandike namba kubwa inayoonekana. ESP32 husoma kuanzia 0 hadi 4095. Kizingiti kiwe juu ya namba hiyo kwa robo hivi. Kimya ni muda ambao programu haisikilizi baada ya kupokea pigo, na muda huo uamuliwe na muziki wenyewe. Singeli ya mapigo 200 kwa dakika ina milisekunde 300 kwa kila pigo, na ukiligawa mara nne unapata 75. Kimya cha milisekunde 50 kinafaa hapo. Cha 100 kitameza mapigo ya kweli. Kwenye mapigo 240 nafasi hiyo hushuka hadi 62, kwa hiyo jaribu 40. Mwulize mpigaji wimbo utafika kasi gani kabla ya kuandika namba yoyote.

Kizingiti kipimwe upya kila ngoma inapotoka motoni.

Kihisi cha mchezaji kivaliwe wapi?

Kwa ngoma za kukanyaga, juu ya kifundo cha mguu, pale njuga zinapofungwa au juu kidogo. Kwa ngoma za kiuno, mgongoni chini kwenye mkanda. MPU6050 huanza ikiwa imepangwa kusoma hadi 2g (mara mbili ya mvutano wa dunia), na mguu unaokanyaga sakafu hupita hapo kirahisi. Grafu hugonga dari na kila hatua huonekana sawa. Panga 8g au 16g. Waya kati ya kihisi na bodi uwe mfupi, sentimita 20 au 30, maana njia ya I2C, inayopitisha data kati yao, haipendi safari ndefu.

Betri ya lithiamu ya volti 3.7 na miliampea-saa 1000 hesabu ikupe kama saa nne za kazi. Iwekwe kwenye kiboksi kigumu: ikitobolewa au kukunjwa inaweza kushika moto, nayo iko mwilini mwa mtu. Jasho la Dar ni adui wa kweli. Kivalishe kihisi puto lililokatwa mdomo, na lifungwe kwa uzi. Mchezaji avae mkanda mwenyewe, au avishwe na mtu aliyemchagua. Hilo lisemwe wazi siku ya kwanza, hasa kwa wasichana.

Mbona Wi-Fi ilifanya kazi mazoezini ikafa wakati wa onyesho?

Mazoezini mlikuwa watu kumi. Kwenye onyesho kuna simu mia mbili, zote zikitafuta mtandao kwenye masafa yale yale ya gigahezi 2.4, na ESP32 ya kawaida haina masafa mengine. Miili ya watu nayo, kwa kuwa imejaa maji, huyanyonya mawimbi hayo.

Weka ruta yenu wenyewe isiyounganishwa na intaneti, iwe jukwaani au juu ya jukwaa, isiwe nyuma ya watazamaji. Chagua chaneli 1, 6 au 11, ile isiyo na watu wengi, uifunge hapo. Kompyuta iunganishwe na ruta kwa kebo. Tuma ujumbe wa OSC (lugha ya mtandao ya vifaa vya sauti na picha) mara 50 kwa sekunde. Mara 500 haiongezi chochote ambacho macho yataona. Kilicho muhimu kabisa kwenye kipande kipite kwa waya.

Sauti inachelewa. Tatizo liko wapi?

Kwanza ondoa spika ya Bluetooth, kwa kuwa huchelewesha milisekunde mia moja na zaidi. Pili, angalia bafa ya programu ya sauti, yaani kiasi cha sauti kinachokusanywa kabla ya kutolewa: sampuli 1024 kwa kasi ya 48,000 ni milisekunde 21, 256 ni 5 hivi. Tatu, kumbuka umbali. Hewa ya nyuzi joto 30 hupitisha sauti mita 349 kwa sekunde, hivyo aliyekaa mita 20 kutoka kwenye spika husikia baada ya milisekunde 57. Kwa wimbo wa kasi hilo ni karibu robo nzima ya pigo. Mpigaji awe na spika yake karibu na asikilize hiyo.

Projekta ya namna gani, na picha iangukie wapi?

Anza na hesabu mbili. Umbali ni uwiano wa lenzi mara upana wa picha: lenzi ya 1.5 na picha ya mita 4 inataka mita 6. Mwanga ni lumeni gawanya kwa eneo: lumeni 3000 kwenye picha ya mita 4 kwa 2.25 ni lux 333 hivi. Hiyo inatosha kwenye giza, lakini taa moja ya jukwaa ikielekezwa kwenye picha huifuta. Taa za waigizaji zitoke pembeni.

Kwenye uwanja wa wazi usipange picha kabla ya saa 1:15 usiku. Jua la Dar huzama kati ya takriban saa 12:15 na saa 12:50 jioni kutegemea mwezi, na anga hubaki na weupe baada ya hapo.

Kitambaa cha marekani kilichonyooshwa vizuri ni skrini nzuri na nafuu. Shona pindo chini, pitisha bomba la chuma, vinginevyo upepo wa bahari utaifanya picha ipumue. Ukitaka picha inayoelea hewani, tumia chandarua cheupe, lakini nyuma yake weka kitambaa cheusi: mwanga unaopenya matundu utaangukia ukutani na watu wataona picha mbili. Tunapenda sana kazi za chandarua. Zinamruhusu mchezaji awe ndani ya picha badala ya kusimama mbele yake.

Projekta nyingi zimetengenezwa kwa joto lisilozidi nyuzi 35 au 40. Chumba kidogo cha mitambo kisicho na feni, mwezi wa Februari, hufika huko. Safisha vichujio vya vumbi na uache nafasi ya sentimita 30 kila upande wa tundu la hewa.

Taa za LED kwenye mavazi zinazimika au zinageuka njano. Kwa nini?

Umeme hautoshi. Kila taa ya WS2812B ikiwaka nyeupe kamili huvuta hadi miliampea 60. Mkanda wa taa 60 kwa mita, mita 2, ni ampea 7.2, na pawabenki ya ampea 2 haiwezi. Volti hushuka kadiri umeme unavyosafiri, bluu inakufa kwanza, na nyeupe inageuka njano kisha nyekundu. Ingiza umeme ncha zote mbili, au punguza mwangaza. Kwa vazi, taa 40 kwenye robo ya mwangaza huvuta karibu ampea 0.6, na gizani hizo zinaonekana vizuri. Weka kapasita ya mikrofaradi 1000 kwenye njia ya umeme na resista ya omu 330 kwenye waya wa data.

Spika zinanguruma "mmmm" laptopu ikichomekwa chaja.

Ni mzunguko wa ardhi, yaani vifaa vimeunganishwa ardhi kwa njia zaidi ya moja, na mngurumo huo ni wa hezi 50 za umeme wetu pamoja na vizidishi vyake. Chomeka laptopu na mixa kwenye ekstensheni moja. Ikiendelea, pitisha sauti kwenye DI (kiboksi cha kuunganishia sauti) yenye transfoma. Usikate wala kuziba pini ya ardhi ya plagi. Mngurumo utaisha, na siku waya ukivuja umeme utapita kwa anayeshika maiki. Kwenye uwanja wa wazi umeme wote upite kwenye kikata-umeme cha miliampea 30.

Umeme ukikatika katikati ya onyesho?

UPS (betri ya akiba) ya VA 1000 hubeba kompyuta, ruta na mixa ndogo kwa dakika kadhaa, muda wa kutosha jenereta iwashwe. Projekta ya taa ya balbu huvuta wati 300 hivi na itaimaliza haraka. Ipe UPS yake, kwani kuzimika ghafla ikiwa moto huifupisha maisha. Muhimu zaidi, kila kipande kiwe na toleo lisilo na umeme. Ngoma na miili vinaendelea, na wachezaji wamefanyia mazoezi hali hiyo angalau mara moja.

Tutumie programu gani?

Pure Data kwa sauti, Processing kwa picha, OBS Studio kwa kurekodi na kurusha. Zote ni za bure na hufanya kazi hata kwenye laptopu za zamani. TouchDesigner ni nzuri mno kwa picha, ila toleo lake la bure lisilo la biashara huishia pikseli 1280 kwa 1280 na linahitaji kompyuta yenye nguvu. Programu moja kwa kila kazi inatosha.

Tukitaka kurusha mtandaoni moja kwa moja?

Pima kasi ya kupandisha, siyo ya kushusha, na uipime saa ile ile ya onyesho siku iliyotangulia. Picha ya 720p huhitaji kama megabiti 3 kwa sekunde; ya 1080p, 5 au 6. Uwe na mara mbili ya hizo. Sauti itoke kwenye mixa, na uongeze maiki moja ya ukumbini kwa ajili ya vigelegele, vinginevyo ngoma husikika kama imepigwa kabatini. Piga kofi mbele ya kamera ulinganishe picha na sauti.

Vibali na haki za kazi vikoje?

Shughuli za sanaa husimamiwa na Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA), hakimiliki na Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA). Kama kuna utafiti ndani yake, hasa wenye watafiti kutoka nje ya nchi, kibali hutolewa na Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH). Kwa maudhui ya mtandaoni uliza Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA), kwa droni uliza Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Anza mapema, siku zote tano za warsha zinaweza kusubiri karatasi moja.

Lililo zito zaidi ni makubaliano ya washiriki wenyewe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda pia kazi za jadi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inahusu picha na taarifa za watu. Mwendo wa mchezaji uliorekodiwa kwa kihisi unaweza kutumika tena bila yeye kuwepo. Kabla ya kihisi cha kwanza kuvaliwa, waandike kwa Kiswahili, kwenye ukurasa mmoja: nani anamiliki rekodi, nani anaweza kuitumia, malipo yakija yagawanywe vipi, na jina la kundi lililoifundisha ngoma hiyo litajwe wapi. Msanii alipwe kwa siku zake kama mtaalamu mwingine yeyote.

Ukumbi gani unafaa?

Ule wenye kivuli, plagi za kutosha na mlango unaofungwa usiku. Makumbusho na Nyumba ya Utamaduni iliyoko Mtaa wa Shaaban Robert, Nafasi Art Space kule Mikocheni na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni mahali pa kuanzia kuulizia. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa) ina mafunzo ya sanaa za maonyesho. Ila vifaa vinavyokaa kando ya bahari vifunikwe kila jioni.

Taa za kumetameta zina hatari?

Ndiyo. Mimuliko zaidi ya mitatu kwa sekunde inaweza kuamsha kifafa kwa baadhi ya watu. Punguza, na utangaze mlangoni kabla watu hawajakaa.

Vifaa vihifadhiwe vipi kati ya warsha moja na nyingine?

Futa viungo na plagi kwa kitambaa kikavu, kisha pombe ya isopropili, maana chumvi hula shaba taratibu na tatizo hutokea miezi baadaye kama "waya wa kugusa gusa". Weka kila kitu kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko mkali, pamoja na pakiti za silika. Betri za lithiamu zisihifadhiwe zikiwa zimejaa wala tupu. Ziache kwenye volti 3.8 hivi, mbali na vifaa vingine, na uzipime kila baada ya miezi miwili. Iliyovimba isichajiwe tena.